Kisoda kimoja kwa kila shimo

Mabilioni ya ruzuku ya mbolea, yakishafika shambani huku Mbozi, hupimwa kwa kisoda. Ni kisoda hasa, kile cha chupa ya soda, chenye meno pembeni. Mama niliyemkuta akipanda mahindi kwenye ekari zake mbili amekipigilia cha kwake kwenye ncha ya kijiti, ili asiiname mara mbili kwa shimo moja.

Huchota mbolea ya DAP kwenye ndoo, akafuta juu kwa kidole gumba, akamimina shimoni. Kisha husukumia udongo kidogo kwa unyayo kabla ya kudondosha mbegu mbili, kwa sababu mbegu ikigusana na mbolea inaungua. Hatua moja mbele, tena. Mkono wake haukosei, na hata tulipokuwa tukizungumza haukusimama.

Kijiti kile ndicho kilichonitia kwenye hesabu. Kisoda hubeba takriban gramu tano. Ukipanda kwa sentimita 75 kwa 60, ekari ina mashimo kama 9,000. Basi mfuko wa kilo 50 unamaliza ekari na kusaza kidogo. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipozidi kupandisha bei ya mbolea duniani, mfuko wa DAP ulipita shilingi 130,000. Agosti 8 mwaka huo, kwenye Nane Nane jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza ruzuku, na mfuko ukauzwa 70,000. Kwa kisoda, ni kutoka shilingi 13 hadi 7.

Kwake shilingi hizo sita si ndogo. Mbolea ilipokuwa ghali alikuwa akijaza nusu kisoda, shimo hadi shimo, ili kila mche upate chochote. "Na mahindi nayo yakanipa nusu, mwanangu," alisema, akacheka. Mimi sikuweza kucheka.

Siku hizi anajaza kisoda, lakini kuipata mbolea yenyewe kuna safari yake. Alijiandikisha kwenye daftari la wakulima kwa mtendaji wa kijiji, na namba ya mkulima hutumwa kwa ujumbe wa simu. Simu ni ya kijana wake aliyeko Tunduma. Wakala wa mbolea akitaka namba, mama huazima simu ya jirani, hupiga, husubiri. Kijana akiwa kazini hapokei, na foleni haimsubiri mtu. Msimu wa kwanza mawakala walikuwa wachache, watu wakalala mjini wakisubiri mifuko. Nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na ya kuusafirisha mfuko, haimo kwenye zile 70,000. Sijasikia anayeihesabu.

Anazikumbuka pia vocha, zile zilizoanza mwaka 2008, zilizolipia karibu nusu ya bei ya pembejeo za ekari moja. Mkulima alitazamiwa kuzipata kwa misimu mitatu, kisha ajinunulie mwenyewe. Walioshindwa kuongezea nusu ya pili, anasema, waliiuza vocha yenyewe kwa fedha kidogo, na mbolea ikaenda kwa mwingine. Yeye hakuuza. Aliuza mbuzi.

Nilimuuliza kama udongo wake umewahi kupimwa. Hapana. Amesikia kwamba udongo wa Nyanda za Juu Kusini una tindikali maeneo mengi na unahitaji chokaa, na kwamba bila chokaa sehemu ya mbolea hupotea bure. Kwa hiyo visoda vyote hivyo, 9,000 kwa ekari, vingapi vinafika kwenye muhindi? Bwana shamba angejua, alisema, ila hajamwona tangu msimu uliopita.

Swali lake yeye ni jingine, na aliniuliza mimi, kana kwamba natoka wizarani: serikali ikiondoa ruzuku kama ilivyoondoa vocha, atapewa taarifa kabla ya kuchimba mashimo, au baada?