Mzimu ni wa kale, mlango ndio mpya

MTU yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la kibanda cha video, iwe Kasese au Bwera, anamfahamu mzimu huyu: mwanamke aliyevaa gauni jeupe, nywele ndefu nyeusi zimemfunika uso.

Wapo wanaolalamika kwamba filamu za mizimu za Asia zote ni moja, na kwamba ukiona moja umeziona zote. Je, ni kweli?

Chukua mfano wa Ringu, filamu ya Kijapani ya mwaka 1998 iliyoongozwa na Hideo Nakata. Mzimu wake, Sadako, aliuawa kwa kutupwa kisimani. Wajapani hawakushangazwa na kisima hicho. Kwa karne nyingi wamesimuliana habari za Okiku, mtumishi aliyetupwa kisimani kwa ajili ya sahani moja iliyopotea. Hata gauni jeupe si ubunifu wa Nakata, kwani huko, kama kwetu, maiti huvikwa sanda nyeupe.

Kipya kilikuwa mlango. Sadako anatoka ndani ya televisheni, kupitia kanda ya video, kitu kilichokuwa sebuleni kwa kila mtu. Tukio hilo halimo hata katika riwaya ya Koji Suzuki ya mwaka 1991 iliyozaa filamu hiyo.

Thailand nao wana Nak, mke aliyefariki akijifungua lakini akaendelea kumngoja mumewe arudi kutoka vitani. Mwaka 1999 hadithi hiyo ilitengenezwa kuwa filamu ya huzuni, Nang Nak. Mwaka 2013 ikarudi kama kichekesho, Pee Mak, na kuvunja rekodi ya mapato nchini humo.

Mfanyabiashara wa Mpondwe hahitaji kuelezwa sana. Kitenge cha aina moja kinauzwa na watu kumi. Mshono wa fundi ndio unaomfanya mteja ageuke.

Tanzania walijaribu mshono wao. Mwaka 2005 Mussa Banzi alitoa Shumileta, akimchukua jini wa kike wa simulizi za pwani na kumleta katika maisha ya mjini.

Sasa kijana wa Kasese mwenye kamera afanye nini? Kumvika dada yake gauni jeupe ni rahisi, lakini huko ni kuazima sanda ya jirani. Kumchukua Kitasamba wa milima ya Rwenzori kunahitaji adabu, maana kwa wazee wa Kikonzo huyo si kitisho cha kuchezea.

Labda njia ipo katikati. Okiku na Sadako wanarudi kwa sababu walidhulumiwa na hakuna aliyewatetea. Wengi waliorejea kutoka ng'ambo ya mpaka wameacha makaburi huko, mengine bila hata alama. Hadithi ya marehemu anayetaka kurudi nyumbani kupitia Kasindi haihitaji kuigwa kutoka Japani.

Nani ataisimulia?