Rozimari na gunia la usipa wa Madisi

Na Mwandishi Wetu

UKISHUKA basi Madisi, kwenye barabara kuu itokayo Lilongwe kwenda Kasungu, pua yako itafika sokoni kabla yako. Ni usipa wakavu wa Ziwa Malawi, wamemwagwa juu ya magunia yaliyofunguliwa. Sisi tuliokulia ndagala wa Rumonge hatuhitaji kuelezwa: ni samaki wadogo wenye mafuta mengi, wa kuanikwa juani na kusafirishwa mbali.

Safari hii nilikuwa nimekwenda kuwasalimu ndugu waliobaki Dzaleka, kambi niliyosomea. Iko wilaya hiyohiyo ya Dowa, kilomita zipatazo 45 kutoka Lilongwe. Ilikuwa gereza kabla ya kufunguliwa kwa wakimbizi mwaka 1994. Serikali ya Malawi ilipoagiza mwaka 2023 kwamba wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi kambini, wapo waliofunga maduka na kubaki na mtaji wa gunia moja tu.

Mmoja wao ni mama aliyekuwa jirani yetu enzi zile. Nilimkuta amelikalia gunia lake kama mtu aliyefiwa. Usipa walikuwa wakavu, hawakuwa na funza wala ukungu, lakini rangi ilikuwa imegeuka njano na ukionja mmoja, koo linawasha.

"Mwalimu, niliwaanika vizuri. Mbona wamenitenda hivi?" aliniuliza. Kisha akatoa kichupa cha mafuta ya rozimari. Aliyemuuzia alimwambia yanaotesha nywele, yanashusha presha na kuhifadhi chakula, naye alitaka kujua adondoshe matone mangapi.

Msomaji, hapa ndipo wengi wetu tunapotapeliwa, kwa sababu maneno ya muuzaji yule yana ukweli ndani yake.

Chakula huharibika kwa njia zaidi ya moja. Kuoza ni kazi ya vijidudu, na vijidudu hupenda unyevu, ndiyo maana tunatia chumvi na kuanika. Kuchacha kwa mafuta ni jambo jingine. Hewa ya oksijeni inayashambulia mafuta yaliyo ndani ya samaki, na joto na mwanga vinaharakisha kazi hiyo. Samaki anaweza kuwa mkavu kama ukuni na bado akachacha. Jua lilelile lililomkausha, akiachwa chini yake wiki nzima sokoni, linamwua.

Rozimari ina nguvu kwenye huo ugonjwa wa pili. Majani yake, yale membamba kama sindano yenye harufu ya kafuri, yana asidi ya kanosiki na kanosoli, ambazo hukatiza mwendo wa oksijeni ndani ya mafuta. Viwanda huzitoa kwenye majani kwa kutumia spiriti au hewa ya kaboni iliyogandamizwa. Umoja wa Ulaya uliruhusu dondoo hiyo kama kihifadhi cha chakula mwaka 2010, kwa namba E 392. Ukiiona namba hiyo kwenye paketi, ni rozimari.

Lakini kichupa cha yule mama si dondoo hiyo. Mafuta yanayonukia hupatikana kwa kupitisha mvuke kwenye majani na kukusanya kinachopanda nao: sineoli, pineni, kafuri. Asidi ya kanosiki haipandi na mvuke, inabaki kwenye majani yanayotupwa. Kwa hiyo alinunua harufu, ile dawa ya kulinda samaki ikabaki kwa mwenye mtambo. Na hata angekuwa na dondoo yenyewe, mafuta yaliyokwisha kuchacha hayarudi kuwa mazima.

Majani yenyewe ni habari nyingine. Watafiti wa nchi mbalimbali wamechovya samaki katika maji yaliyotolewa kwenye majani ya rozimari, nao wakachelewa kuchacha kuliko wasiochovywa. Hilo hufanywa samaki akiwa mbichi. Mwenye kutaka kujaribu aanze na sahani moja, si gunia, maana rozimari ikizidi, usipa wanakuwa na ladha ya dawa ya kikohozi. Chumvi na kukausha viko palepale, na baada ya hapo mfuko uliofungwa vizuri, gizani, mahali pa baridi.

Onyo moja kwa mama zetu wa jikoni: msitumbukize majani mabichi ya rozimari au vitunguu saumu katika chupa ya mafuta ya kula na kuiacha kabatini. Ndani ya mafuta hakuna hewa, na kuna kijidudu kinachopenda hali hiyo na kutoa sumu ya kupooza mwili. Sumu hiyo haina harufu.

Kuhusu afya, chai ya majani hayo ni desturi ya zamani kwa tumbo lililojaa gesi, na mafuta hupakwa kwenye misuli inayouma. Kwa nywele, utafiti uliofanywa nchini Iran na kuchapishwa mwaka 2015 ulilinganisha mafuta ya rozimari na dawa ya minoksidili ya asilimia 2 kwa watu 100 wenye upara wa kurithi. Baada ya miezi sita matokeo yalikaribiana. Ni utafiti mmoja, mdogo. Kuhusu presha, anayeacha vidonge vyake kwa ajili ya kichupa anacheza na maisha yake. Na kuyanywa mafuta hayo ni hatari: kafuri iliyomo inaweza kuleta degedege, hasa kwa mtoto, na mjamzito asiyaguse.

Yule mama alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaguna. Kichupa alimpa binti yake apake kichwani, baada ya kuyachanganya na mafuta ya alizeti. Gunia aliliuza kwa hasara kwa mfugaji wa kuku.

Kesho yake nilimpelekea vijiti vitano vya rozimari kutoka bustani ya nyumba moja Lilongwe. Alivichomeka kando ya ukuta wake pale Dzaleka, mahali maji ya mvua yasipotuama, maana mmea huu hustahimili ukame kuliko tope. Kijiti kimoja kililiwa na mbuzi. Vinne vimeota.