JINA LAKO LIKO KWENYE KOMPYUTA: USIPOTEZE NAULI KWENDA KAMPALA



Mwaka 2018 Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM) na UNHCR walihakiki wakimbizi nchini Uganda kwa alama za vidole na picha za macho. Habari hizo zimewekwa kwenye kompyuta.

Kama uliandikishwa kambini, na mtoto amezaliwa, mtu amefariki au karatasi ya familia imepotea, nenda ofisi ya OPM ya kambi yako.

Mtoto asiyeandikwa hahesabiwi katika familia, hata kwenye mgao. Mpeleke mapema, pamoja na karatasi ya familia na ile uliyopewa hospitali alipozaliwa.

Kuandikishwa ni bure. Ukidaiwa pesa, usitoe. Piga simu 0800 323232, bila malipo.