Mikono yenye sarufi

Umekwisha kusimama karibu na mashini kubwa ya kuinua mizigo? Makelele ni mengi, na mwenye kuiendesha yuko kule juu, hawezi kusikia kitu. Chini kuna mwenzake anayemuongoza kwa mikono. Pandisha. Shusha. Polepole. Simama! Kila alama iko na maana moja, na wote wawili walijifunza mbele ya kuanza kazi.

Sasa ninakuuliza: huyu wa chini anaweza kumuambia wa juu, kwa zile alama, «Kama jana ungeshusha kidogo tena, kamba ingekatika, na leo tungekuwa kwa kilio»? Hapana. Atangoja saa ya kupumzika, mwenzake ashuke, waongee kwa kinywa. Alama za kazi ni amri tu. Haziko na jana, haziko na «kama», haziko na «pengine».

Watu wengi wanafikiri kwamba viziwi nao wanasema vile vile: alama mbili tatu za kuomba chakula na maji, kisha basi. Kwa sababu hiyo, katika nyumba nyingi mutoto kiziwi anaitwa «bubu», anafundishwa kufagia na kuteka maji, na mambo ya maana yanapita juu ya kichwa chake. Hapo tunakosa sana. Kiziwi aliyejifunza lugha ya alama anaweza kumuambia mwenzake habari yote ile ya jana, kamba na kilio, pasipo kupunguza hata kidogo. Namna gani? Kwa sababu lugha yake iko na sarufi, maana yake kanuni za kupanga na kuunga maneno.

Nafasi iliyo mbele ya kifua

Tutwae mifano kwa lugha ya alama ya Marekani, kwa kuwa imechunguzwa sana. Tena iko na ujamaa na sisi. Andrew Foster, Mumarekani mweusi ambaye yeye mwenyewe alikuwa kiziwi, alifungua masomo ya viziwi katika inchi nyingi za Afrika. Alianza na Ghana mwaka 1957, na Kongo yetu imo pia. Alikufa katika ajali ya ndege kule Rwanda mwaka 1987. Alifundisha kwa alama za Marekani, na hivi alama nyingi za viziwi wetu waliosoma zinatoka kule, hata kama zimegeuka njiani, sawa vile maneno yote yanavyogeuka.

Angalia basi. Kiziwi anataka kusema habari ya baba na mujomba. Anataja baba, kisha anaonyesha kwa kidole fasi fulani upande wa kuume. Anataja mujomba, anaonyesha upande wa kushoto. Pale hakuna kitu, ni hewa tu. Lakini tangu saa ile, kuume ni baba na kushoto ni mujomba. Alama ya «kupa» ikitoka kuume na kwenda kushoto, ni baba amemupa mujomba. Ikirudi kinyume, ni mujomba amemupa baba. Sisi tunafanya kazi ileile kwa vipande vidogo ndani ya neno: «ananipa», «ninamupa». Kipande kimoja kinasema nani anatoa, kingine kinasema nani anapokea. Wao wanaweka vile vipande katika njia ya mukono.

Usiseme ni ajabu. Umekwisha kuona mutu akieleza ajali ya barabara kwa wenzake mezani? Anatwaa kisanduku cha kiberiti: «Hii ni lori.» Anatwaa kizibo cha chupa: «Hii ni kinga.» Anavisukuma, na wote wanashika maneno. Hakuna anayecheka na kusema lori haiwezi kukaa juu ya meza! Akili yetu inajua kuunganisha kitu kinachoonekana na kitu kinachofikiriwa. Scott Liddell, mutaalamu wa lugha wa Marekani, alieleza jambo hili kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 2003. Viziwi wamechukua uwezo huo, ambao sisi wote tuko nao, wakaufanya kuwa sarufi.

Uso nao unafanya kazi. Mikono inasema «wewe kwenda soko». Nyusi zikipanda, ni ulizo: unaenda soko? Zisipopanda, ni habari tu. Na kwa maulizo ya nani, wapi au sababu gani, nyusi zinashuka. Mutu asiyejua anafikiri kiziwi anamukasirikia. Hapana, anamuuliza tu.

Je, si michoro tu?

Wengine wanasema: «Lakini zile alama ni michoro ya vitu, hata mutoto mudogo anaweza kuelewa.» Haya, tuone alama ya muti. Mumarekani anasimamisha mukono mumoja na kutawanya vidole: mukono ni shina, vidole ni matawi. Kiziwi wa Danemark anachora hewani kwa mikono miwili umbo la majani na kushuka mpaka shina. Wa China anazungusha mikono kama anayeshika shina, anaipandisha. Zote tatu zinafanana na muti, lakini kila watu walichagua sehemu yao. Mugeni hawezi kuzikisia.

Tena kuna jambo moja linalonipendeza kuliko yote. Katika lugha ya Marekani, «polepole» ni kupitisha mukono mumoja juu ya mugongo wa mukono mwingine, bila haraka. Sasa, «polepole sana» itakuwa namna gani? Wewe ungesema, kupitisha polepole zaidi. Kumbe hapana! Mukono unakazwa kidogo mahali pa kuanzia, kisha unaachiliwa kwa mbio. Sababu? Kule kukaza na kuachilia ndiyo «sana» yao, nayo inatumika kwa alama nyingine pia. Sherman Wilcox aliandika juu ya alama hiyo. Kwake, ile «sana» nayo iko na sura yake: ni nguvu inayozuiwa kisha inafunguliwa ghafula. Wataalamu wa upande wake wanasema kwamba sarufi haikai peke yake katika chumba kilichofungwa cha akili. Inatoka katika namna tunavyoona, tunavyoshika na tunavyotembea.

Na sisi wenye kusikia tuko vile. Tunasema «siku za nyuma» na «siku za mbele», kama vile wakati ni barabara. Kiziwi wa Marekani anaelekeza siku zilizopita nyuma ya bega, na siku zijazo mbele yake. Sisi tunasema mwanafunzi «ameshika» somo, limeingia kichwani. Yeye, kusema «kujifunza», anaokota kitu katika kiganja na kukipeleka kwenye paji la uso.

Watoto wa Managua

Mwaka 1880, mukutano wa walimu wa viziwi kule Milan uliamua kwamba kusema kwa kinywa kushinde alama katika masomo. Karibu wote waliopiga kura walikuwa wenye kusikia. Vizazi vya watoto viliumia. Wengi walipigwa kwa mikono kwa sababu waliitumia kusema. Ni mwaka 1960 tu William Stokoe alipoonyesha Washington kwamba alama zimejengwa kwa vipande kama maneno. Mukutano wa namna ileile, kule Vancouver mwaka 2010, ulikataa maamuzi ya Milan. Miaka 130!

Kule Nicaragua, watoto viziwi walikuwa wanakaa kila mumoja kwao, na alama chache za nyumbani. Toka mwaka 1977 walianza kukusanywa katika masomo kule Managua. Walimu hawakuwafundisha alama. Watoto wenyewe, kwa kucheza pamoja, walitunga lugha. Mwaka 2004 Ann Senghas na wenzake walitangaza jambo hili: waliwaomba viziwi waeleze sinema ya paka aliyemeza tufe na kubingirika akiteremka barabara. Wenye kusikia, kwa mikono, walionyesha kubingirika na kuteremka kwa mwendo mumoja. Viziwi wa kwanza vilevile, mara nyingi. Lakini waliokuja nyuma yao wakiwa wadogo walivunja ule mwendo mara mbili: «bingirika», kisha «teremka». Vipande viwili, vya kuunga na vingine. Wadogo walikuwa wametengeneza sarufi kupita wakubwa wao.

Angalia neno hili «wadogo», wewe muzazi. Waliofika wakiwa wamekomaa hawakuweza kuishika ile lugha vizuri. Mimi naona ni hapo tunapopoteza watoto wetu: tunangoja dawa, tunangoja mutoto «afunguke kinywa», na miaka inapita. Mutoto asiyesikia anahitaji viziwi wengine mapema, na anahitaji mama, baba na ndugu wanaojifunza alama pamoja naye, hata kwa kukosea-kosea.

Na wewe kijana, ukikuta viziwi wawili sokoni wakiongea, usiangalie mikono tu. Angalia nyusi. Angalia tena fasi wanapoonyesha hewani. Pengine pale kuume ndipo mujomba wao amesimama.