Mbuzi Si Kipimo

Swali huja kwa sura ileile. Mfugaji amekata tawi, kalishika mkononi, na anamwuliza bwana mifugo: "Daktari, mti huu una sumu?" Kabla hajajibiwa anajijibu mwenyewe kwamba mbuzi wake waliyala majani hayo juzi na wako wazima, kwa hiyo punda naye ale tu. Mtaalamu aliyelisikia swali hili kwa miaka huacha hata kulitazama tawi. Anauliza habari za punda.

Pale Mbesa, wilayani Tunduru, swali hilo kuhusu farasi halina wa kuliuliza. Nyika za mkoa huu wa Ruvuma zina mbung'o, na farasi akiambukizwa naye ugonjwa wa nagana hana maisha marefu. Akinusurika na mbung'o, anasubiriwa na kisubi mwenye kueneza ule ugonjwa wa farasi wa Afrika ambao huua wengi wa wanaougua. Punda huustahimili ugonjwa huo vizuri zaidi, na ndiye ndugu wa farasi ambaye mtu wa kusini anaweza kukutana naye amebeba magunia. Tena tangu wafugaji walioondolewa Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007 waanze kushuka kusini na makundi yao, boma moja la Tunduru linaweza kuwa na ng'ombe, mbuzi na punda pamoja. Wote hula majani, ndiyo. Lakini wawili hucheua na mmoja hacheui, na hapo ndipo hesabu ya "mbuzi kala, hakufa" inapovunjika.

Chukua lusina, mti uliohubiriwa na wataalamu wa ugani kwa miaka mingi kuwa chakula bora cha ng'ombe wa maziwa. Sifa hiyo ni ya haki, kwa kuwa majani yake yana protini nyingi. Yana pia kemikali iitwayo mimosini. Huko Australia, ng'ombe waliolishwa lusina kwa wingi walinyonyoka manyoya, wakavimba tezi ya shingo na kudumaa. Mtafiti Raymond Jones alishangaa kuona kwamba mbuzi wa Hawaii walikuwa wakila lusina hiyohiyo bila kudhurika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 maji ya tumbo la mbuzi wa Hawaii yalipelekwa Australia na kuingizwa katika matumbo ya wanyama wa huko, nao wakaanza kula lusina bila taabu. Siri ilikuwa bakteria wa tumboni, ambaye mwaka 1992 alipewa jina la kisayansi Synergistes jonesii, kwa heshima ya Jones.

Wanaomtegemea mbuzi kama mwonjaji wa mfalme waisome habari hiyo mara mbili. Mbuzi wa Hawaii hakuweza kumtolea ushahidi hata mbuzi mwenzake wa Australia, seuze punda. Mti ulikuwa uleule na jani lilelile. Tofauti ilikuwa wadudu wasioonekana waliokaa ndani ya tumbo. Punda na farasi hawana hata hilo tumbo kubwa la kwanza ambamo bakteria huanza kuivunjavunja sumu kabla haijaingia kwenye damu. Chakula chao huchachushwa mwishoni, katika utumbo mpana, na wakati huo sehemu kubwa ya mimosini imeshapita. Farasi aliyezoeshwa lusina hupoteza singa za shingo na mkia, na kwato zake huharibika. Mwenye mnyama hudhani ni upele, akanunua dawa ya kuogeshea, akaogesha, huku kila jioni akiendelea kumtupia mzigo wa lusina.

Imani hii ya mbuzi ina kasoro nyingine ambayo watu hawapendi kuisikia: mara nyingine mbuzi mwenyewe hakupona. Hakufa siku ile, basi. Majani ya mparachichi yana sumu iitwayo persini. Mbuzi anayenyonyesha akiyala, kiwele huvimba na maziwa hukatika. Akiyala kwa wingi, misuli ya moyo huharibika. Farasi naye huvimba kichwa, shingo na kifua. Mahali ambapo wenye mashamba siku hizi wanapanda parachichi, matawi yanayopogolewa hutupwa zizini kwa nia njema kabisa, na maziwa yakipungua anayelaumiwa ni jirani mwenye kijicho.

Ila kama punda wa Ruvuma ana adui mmoja kwenye chakula, adui huyo hana matawi. Ni pumba. Mahindi yaliyoshambuliwa na ukungu wa Fusarium hubeba sumu iitwayo fumonisini, iliyogunduliwa na wanasayansi wa Afrika Kusini mwaka 1988 walipokuwa wakitafuta, pamoja na mengine, sababu ya farasi kufa kwa ubongo kuoza. Ubongo kuoza hapa si mafumbo. Sehemu nyeupe ya ubongo hulainika hadi kuwa majimaji, mnyama akazunguka bila mwelekeo, akagandamiza kichwa ukutani, akapofuka, akaanguka. Punda hupatwa vilevile. Ng'ombe na mbuzi wakilishwa mahindi yaleyale huendelea kucheua. Mwaka 2001 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipoweka viwango, iliruhusu miligramu 60 za fumonisini kwa kilo ya mahindi yanayolishwa ng'ombe wa nyama, na miligramu 5 tu kwa yale ya farasi na punda, tena yasizidi sehemu moja ya tano ya chakula chao chote. Pumba ni mbaya kuliko mahindi yenyewe, kwa sababu sumu hukusanyika kwenye ganda. Haiondoki kwa kuanikwa wala kwa kupikwa, na haina harufu ya kumwonya mtu. Mbuzi angekuwa shahidi gani hapa? Angekula gunia zima na kumkaribisha punda.

Upande wa pili wa shilingi upo kwenye mihogo, na hapa ni mwenye kucheua anayekufa haraka. Jani au ganda la muhogo mchungu likitafunwa hutoa sianidi, na bakteria wa tumbo kubwa huharakisha kazi hiyo. Asidi ya tumbo la punda huichelewesha. Mtama mchanga, hasa unaochipua upya baada ya ukame, hufanya vivyo hivyo, na ng'ombe mwenye njaa akiuvamia anaweza kuanguka ndani ya dakika chache, damu yake ikiwa nyekundu kupita kawaida. Punda haangukii shambani. Yeye akilishwa mtama mbichi wiki baada ya wiki, miguu ya nyuma hupoteza mpangilio wa mwendo na mkojo humtoka bila kujijua.

Watu wa kusini hawana sababu ya kuliona jambo hili geni. Masasi, jirani wa Tunduru, katika ukame wa 1988, watu walisumishwa na muhogo mchungu uliotengenezwa kwa haraka, kwa njia inayoitwa chinyanya, yaani kuutwanga na kuuanika bila kuupa siku zake. Na konzo, ugonjwa wa miguu kukakamaa ghafla unaotokana na sumu hiyohiyo, ulizuka Mtwara na Mbinga mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mama anayejua kwamba makopa hayaharakishwi hawezi kushindwa kuelewa kwa nini maganda mabichi hayamwagiwi mbuzi mwenye njaa.

Kwa hiyo swali lipangwe upya: mnyama gani, sehemu gani ya mmea, mbichi au mkavu, kiasi gani, na tumbo lilikuwa tupu au la. Mengine ni mafupi. Lusina kwa ng'ombe na mbuzi isizidi theluthi ya chakula, na waanzishwe polepole. Punda apewe majani mengine. Matawi ya mparachichi yachomwe. Mbarika, yaani mnyonyo, ikae mbali na kila mnyama, na mbali zaidi na punda, kwa kuwa jamii ya farasi ni miongoni mwa wanaodhuriwa mapema na mbegu zake. Oleanda ya maua isipandwe kando ya zizi, kwa kuwa majani yake yanaua hata yakiwa makavu. Maganda ya mihogo yakatwe vipande vidogo na kuanikwa juani hadi yakauke kabisa. Wanyama washibishwe nyasi kabla ya kupitishwa karibu na shamba la mtama. Pumba yenye shaka apewe ng'ombe wa nyama, kwa kiasi kidogo, asipewe punda hata kiganja.

Na mnyama akishakula sumu? Asinyweshwe mafuta ya kula; yabaki jikoni. Hayaifungi sianidi, hayaizimui fumonisini, na mnyama aliyelegea akinyweshwa kwa chupa humiminikiwa mapafuni, akafa kwa nimonia baada ya kunusurika na sumu. Maziwa na maji ya majivu nayo ni hivyohivyo. Punda na farasi hawawezi kutapika, kwa hiyo hakuna cha kuwalazimisha. Mnyama aondolewe kwenye chakula hicho, awekwe kivulini bila kukimbizwa, na bwana mifugo apigiwe simu mara moja, kwa sababu dawa ya sianidi ipo, ni sindano ya mshipa, na haina faida ikichelewa. Aelezwe mnyama gani, amekula nini na saa ngapi. Na lile tawi, safari hii, aletewe.