Kila idara ya benki ijichambulie data yake? Hapa ndipo penye kazi

Meneja wa tawi anataka kujua wateja wangapi wamechelewesha marejesho ya mkopo wiki hii. Swali dogo tu. Lakini kwenye benki nyingi lazima atume ombi kwa watu wa IT, akae foleni, na ripoti ikimfikia siku kadhaa baadaye, aliyekuwa amechelewa siku tano sasa ana kumi na mbili.

Ndiyo maana benki zinawapa wafanyakazi programu kama Power BI au Tableau ili kila idara ijichambulie yenyewe. Afisa mikopo anafungua, anachagua tawi na mwezi, grafu inatokea. Hakuna kumbembeleza mtu.

Sasa shida iko wapi? Inaanzia kwenye maneno.

Chukua "mteja hai". Idara ya masoko inahesabu kila mwenye akaunti ambayo haijafungwa. Wenzao wa huduma za kidijitali wanahesabu aliyefanya muamala ndani ya siku 90. Wakikutana kwenye kikao kila mmoja ana namba yake, na saa nzima inaisha kwa kubishana nani kakosea, wakati hakuna aliyekosea.

Kwenye mikopo chechefu utani unaisha. Benki Kuu ya Tanzania inataka isizidi asilimia 5 ya mikopo yote. Idara moja ikianza kuhesabu deni lililopita siku 60 na nyingine siku 90, bosi hajui kama yuko salama au la. Kwa hiyo maana za maneno zikubaliwe na kuandikwa kwanza, ndipo watu wapewe nywila.

Kingine ni ukaguzi. Mwaka 2012 JPMorgan Chase ya Marekani ilipoteza zaidi ya dola bilioni 6 kwenye biashara iliyofanywa na ofisi yake ya London. Ripoti ya benki hiyo, Januari 2013, ilieleza kuwa hesabu za kupima hatari zilifanyika kwenye faili za Excel, namba zikinakiliwa na kubandikwa kwa mkono. Fomula moja iligawanya kwa jumla badala ya wastani, hatari ikaonekana ndogo kuliko ilivyokuwa. Excel peke yake haikuleta hasara, dau lenyewe lilikuwa kubwa mno, ila ilisaidia kulificha.

Na wewe mwenye akaunti unaingiaje hapa? Mtu wa masoko anahitaji kujua vijana wangapi wanatumia huduma za simu. Hahitaji kuona jina lako wala salio lako. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hivyo kila mtumiaji afunguliwe kile tu kinachohusu kazi yake.

Kuhusu mafunzo, semina ya siku mbili hotelini yenye vyeti na picha za pamoja haisaidii sana. Bora kumchukua mtu mmoja kila idara, yule ambaye tayari wenzake humkimbilia Excel ikigoma, na kuanza na ripoti anayoiandaa kila Ijumaa. Ya zamani na mpya ziende sambamba kwa muda. Namba zikilingana mara kadhaa mfululizo, ile faili ya zamani ifungwe.