Mikono ikichoka: namna ya kuchagua kiegemeo cha begani kwa kamera ya video

Baada ya ubatizo mmoja kandokando ya Ziwa Kivu, mama mmoja alituomba video ya binti yake. Tulipoitazama pamoja naye, tulisikia haya. Ndugu aliyepiga picha alikuwa amesimama saa mbili nzima, kamera mikononi mbele ya kifua, na binti huyo alibatizwa wa mwisho. Picha ilitetemeka hata uso wake haukuonekana vizuri. Na hatuwezi kumbatiza mtu mara ya pili kwa ajili ya kamera.

Tangu siku ile tumejifunza kutumia kiegemeo cha begani. Ni chombo cha aluminiamu, chuma au plastiki ngumu kinachofungwa chini ya kamera, kikakaa begani na kuwa na mshikio wa mkono upande wa mbele. Kwa kuwa makanisa mengine yanataka kununua, tunaeleza hapa mambo ya kuangalia.

Kwanza tujiulize kama tunakihitaji. Kwa mahubiri, ambapo mhubiri anasimama mahali pamoja, stendi ya miguu mitatu inafaa zaidi. Kiegemeo ni kwa kazi ya kutembea: korali ikiingia, ubatizo ziwani, mazishi, ziara kwa wagonjwa.

Jambo kubwa ni uzito kulingana. Kamera kubwa za televisheni hulala juu ya bega lenyewe, na mpiga picha huweka jicho penye kamera. Kamera ndogo haiwezi hivyo, maana skrini yake hufunguka pembeni na lazima iwe mbele ya macho. Kwa hiyo uzito wote unavuta mbele, na mikono inarudia kazi ileile tuliyotaka kuiondolea. Dawa yake ni uzito wa nyuma, kama kwenye mzani. Kamera ya kilo 1 iliyo sentimita 30 mbele ya bega inalinganishwa na kilo 1 na nusu iliyofungwa sentimita 20 nyuma. Kuna viegemeo vingine visivyo na uzito wa nyuma, bali vina mkono unaoshuka na kusimama kifuani au tumboni. Hivyo ni vyepesi zaidi, lakini picha inaweza kufuata pumzi ya mpigaji.

Dukani, tufunge kamera yetu wenyewe, tuweke kiegemeo begani, kisha tulegeze mikono polepole, mwenzetu akiwa tayari kuidaka. Kamera ikianguka mbele mara moja, kiegemeo hicho hakijalingana. Tena tukivae dakika 10, si moja tu. Bega halisemi ukweli katika dakika ya kwanza.

Pili, tuangalie mikono. Viegemeo vingi vina mishikio miwili mbele, kulia na kushoto. Lakini kwenye kamera ndogo, kifungo cha kuanza na kile cha kuvuta picha karibu viko upande wa mkono wa kulia. Mikono yote miwili ikishika kiegemeo, nani atabonyeza? Kwa kamera hizi tunapenda chenye mshikio mmoja wa kushoto, mkono wa kulia ubaki katika mkanda wa kamera.

Tatu, tuangalie vifungo. Skurubu ya kamera nyingi ni ya robo inchi. Viegemeo vingi hutumia fito mbili za milimita 15. Hizo ni rahisi kuongezewa vitu baadaye. Sehemu zote zikazwe kwa mkono bila ufunguo, na sponji ya begani iwe nene.

Kama pesa hazitoshi, tusikope. Tuufunge mkanda wa kamera shingoni, tuisukume kamera mbele mpaka mkanda ukaze, viwiko vikibanwa mbavuni. Tena tusivute picha kwa kifungo. Tusogee karibu kwa miguu, kwa sababu kadiri picha inavyovutwa, ndivyo kila mtetemo unavyokuwa mkubwa.

Neno moja la usalama kwa sisi wa mashariki ya Kongo: chombo kirefu begani, kikionekana kwa mbali, kinaweza kudhaniwa silaha. Njiani kikae mfukoni kimefunguliwa vipande vipande. Tuwe na ruhusa ya maandishi, na tujitambulishe kwa wakubwa wa mahali kabla ya kukitoa. Hakuna picha inayostahili uhai wa ndugu.

Katika Kutoka 17, mikono ya Musa ilipokuwa mizito, Haruni na Huri hawakumwambia ajikaze. Walimtafutia jiwe akalie, wakaishika mikono yake, mmoja huku na mmoja huku, mpaka jua likatua. Sisi tulimlaumu yule ndugu wa ziwani kwanza, kabla ya kufikiri kwamba hakuna aliyempokea kamera kwa saa mbili. Leo tuna kiegemeo, lakini tuna pia mtu wa pili katika kila kazi. Anayebeba akichoka, mwenzake anapokea, ili na yule anayebatizwa wa mwisho uso wake uonekane.